Spika za Mbele Zilikuwa Nzima: Uchambuzi wa Kisa cha Kicheza Muziki na Hom Thieta

Nilipofika, hukumu ilikuwa imeshatolewa. Spika tatu za mbele zimekufa, amplifaya imechoka, na kicheza muziki kimeharibu rekodi za mzee. Kilichobaki ni kuamua kipi kibadilishwe kwanza, na fundi aliyetangulia alikuwa ameshauri waanze na amplifaya.

Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichokuwa kibovu. Nakiandika kisa hiki kwa kirefu kwa sababu kila dalili niliyosimuliwa ilikuwa ya kweli na ilikuwa na maana. Baba na binti yake walikuwa wameisikiliza mitambo yao vizuri kuliko wateja wengi ninaokutana nao, na walikumbuka hata vitu vidogo. Walichokosa ni uzi mmoja wa kuzifunga dalili zote pamoja.

Kilichounganishwa

Moyo wa mfumo ni risiva ya hom thieta ya enzi za DVD, yaani chombo chenye amplifaya ndani yake kinachopokea sauti na kuigawa kwa spika. Mbele kuna spika ya kushoto, ya kulia na ya kati. Nyuma ziko mbili. Sabufa iko pembeni. Mgongoni mwa risiva kuna matundu ya CD, AUX kwa ajili ya kifaa chochote cha ziada, PHONO kwa ajili ya santuri, na tundu la njano la video. Usoni ina mlango wa USB. Bluetooth haina.

Kicheza muziki ni kipya, kidogo, chenye umbo la chuma na tundu moja la hedifoni la milimita 3.5. Ndani yake mlikuwa na vitu vya aina mbili. Kulikuwa na nyimbo za binti, za siku hizi. Kisha kulikuwa na rekodi za mzee: masimulizi, hotuba na nyimbo zilizonaswa miaka mingi iliyopita kwa maikrofoni moja kwenye kanda, ambazo binti alizihamisha moja baada ya nyingine kwa uvumilivu mkubwa. Hizo ndizo zilizomfanya atafute fundi wa pili. Nyimbo zake angeweza kuendelea kuzisikiliza kwa hedifoni. Alichotaka ni baba yake azisikie sauti za watu wake zikijaa sebuleni, si kupitia vijispika vya masikioni vinavyomchosha.

Kebo waliyotumia ilitoka kwenye boksi la kicheza cha zamani, kile kilichoweza pia kupeleka picha kwenye televisheni. Upande mmoja ina pini ndogo ya milimita 3.5, upande wa pili ina pini tatu za RCA: nyeupe, nyekundu na njano. Nyeupe ni sauti ya kushoto, nyekundu ni ya kulia, njano ni ya picha. Kwa kuwa kicheza kipya hakina picha, walichomeka nyeupe na nyekundu kwenye AUX na kuiacha ya njano ikining'inia nyuma ya kabati. Kwa mtu anayefuata rangi, huo ulikuwa uamuzi wa busara kabisa.

Walichokisikia

Nyimbo za binti zilitoka, lakini kwa spika za nyuma tu, kwa sauti ndogo na yenye ukungu. Mbele kulikuwa kimya. Sabufa nayo kimya. Tena wimbo ulikuja bila mwimbaji: vilisikika vyombo vya pembeni, waitikiaji, na mwangwi wa sauti ya mwimbaji, lakini mwenyewe hayupo. "Ni kama amesimama chumba cha pili na mlango umefungwa," binti alisema, na ni maelezo sahihi kuliko alivyojua.

Rekodi za mzee hazikutoa kitu kabisa. Kioo cha kicheza kilionyesha sekunde zikienda, spika zote kimya. Hapo ndipo ilipozaliwa imani kwamba mafaili yameharibika. Ajabu ni kwamba kwa hedifoni zilisikika zote.

Baada ya kuona sauti ni ndogo, walihamisha pini kwenye PHONO. Huko sauti ilikuja kwa kishindo, ya kukwaruza, na bado mwimbaji hakuwepo.

Siku nyingine binti alijaribu njia ya USB, akitumaini risiva itasoma nyimbo moja kwa moja. Risiva iliandika kwamba haioni kitu cha kusoma. Lakini aliporudisha chaguo kwenye AUX huku waya wa USB ukiwa bado umechomekwa, mwimbaji alitokea, mbele, katikati, pamoja na mlio mwembamba usiokoma. Alipouchomoa waya wa USB, mwimbaji alitoweka tena. Wakahitimisha kwamba betri ya kicheza ni dhaifu, na kwamba kinahitaji umeme wa risiva ili kitoe sauti kamili.

Na jambo la mwisho, ambalo mzee alilitaja kama nyongeza tu nilipokuwa nimeshaanza kuvuta kabati: "Ukikishika hicho kidude, spika ya kati inavuma."

Nilimwomba alirudie hilo. Spika ya kati ndiyo iliyoongoza orodha ya zilizokufa.

Kwanza, kuondoa washukiwa

Niliomba diski yoyote ya DVD. Spika zote za mbele zikaimba, sabufa ikaitika. Nikafungua redio ya risiva: vilevile. Amplifaya na spika zikatoka kwenye orodha hapo hapo, bila kufungua skrubu hata moja. Fundi aliyetangulia alikuwa amejaribu kila kitu kwa kutumia kicheza kile kile kinacholalamikiwa, na kwa njia hiyo huwezi kujua ugonjwa uko upande gani. Kisha nikachomeka hedifoni kwenye kicheza na kupiga rekodi ya mzee. Safi. Kwa hiyo kicheza ni kizima, na mafaili ni mazima. Betri nayo ikaachiwa, maana hedifoni inavuta umeme mwingi kuliko tundu la AUX; betri inayoweza kuendesha hedifoni haiwezi kushindwa na AUX.

Imebaki kebo. Hapo mzee alinipinga, na hoja yake inastahili kujibiwa kwa heshima kwa sababu ndiyo iliyowaweka njia panda muda wote huo: "Kebo ingekuwa mbovu isingepitisha chochote. Hii inapitisha." Ni kweli kebo haikuwa mbovu. Kila waya ndani yake ulikuwa mzima kutoka mwanzo hadi mwisho. Swali halikuwa kama nyaya zimekatika, bali kila waya unagusa nini ndani ya tundu la kicheza.

Waya wa tatu

Sauti ya stirio kutoka tundu la hedifoni inahitaji nyaya tatu. Mmoja unabeba upande wa kushoto, mmoja upande wa kulia, na wa tatu ni njia ya pamoja ya umeme kurudi, ambao mafundi tunauita ethi. Watu wengi huuona huu wa tatu kama msaidizi. Nadhani ni kwa sababu hauna rangi yake wala pini yake. Ni lile ganda la chuma linalozunguka pini nyeupe na nyekundu. Lakini amplifaya haisikii waya mmoja peke yake. Inasikia tofauti ya volti kati ya waya wa sauti na ethi yake. Ondoa ethi, na amplifaya haina tena mahali pa kupimia.

Fikiria mtu aliye ndani ya mtumbwi mwembamba, anayepima kwa jicho maji yanapanda au yanashuka kwa kuangalia ubavu wa mtumbwi. Maji yakipanda yote pamoja, mtumbwi nao unapanda, na yeye haoni badiliko lolote. Atakachoona ni pale tu maji ya upande mmoja yanapopita ya upande wa pili, na hapo ubavu mmoja utaonekana kuzama kwa kiasi kile kile ambacho mwingine umeinuka. Ndivyo ilivyokuwa kwa risiva hii. Ethi yake haikuwa imefungwa kwenye kicheza. Ilishikiliwa na nyaya mbili za sauti zenyewe, kwa nguvu sawa kutoka kila upande, hivyo ikaelea katikati yao. Upande wa kushoto ukapokea nusu ya tofauti kati ya kushoto na kulia. Upande wa kulia ukapokea nusu ile ile, lakini kinyume: spika moja ikisukuma, nyingine inavuta.

Sasa rudi kwenye dalili. Katika studio, mwimbaji mkuu, besi na ngoma kubwa huwekwa katikati, yaani kwa kiwango sawa kushoto na kulia. Chochote kilicho sawa pande zote mbili hakina tofauti, kwa hiyo kinafutika. Vinabaki vyombo vilivyowekwa pembeni, na mwangwi, ambao hutandazwa pande zote bila kulingana. Ndiyo maana mwangwi wa mwimbaji ulisikika na mwenyewe hakusikika. Ndiyo maana sabufa ilinyamaza. Rekodi za mzee zilinaswa kwa maikrofoni moja, hivyo kushoto na kulia kwake ni kitu kimoja, herufi kwa herufi. Tofauti yake ni sifuri, na risiva ikapokea sifuri. Mafaili yaliyodhaniwa kuharibika yalikuwa yanatoa jibu sahihi kuliko yote.

Yeyote aliyewahi kuvuta pini ya hedifoni ikatoka nusu anaujua mlio huu: mwimbaji anapotea, muziki unabaki kama umesikika kupitia bomba. Sababu ni ile ile. Mguso wa ethi umeachia, na ule wa kushoto na kulia umebaki.

Kwa nini nyuma tu

Hadi hapa tumeeleza mwimbaji aliyepotea, lakini hatujaeleza spika za mbele kunyamaza. Hili linahitaji kuijua Dolby Pro Logic, mfumo ndani ya risiva unaoamua sauti ipi iende spika ipi, na ndiyo sehemu ya kisa iliyonifurahisha zaidi.

Kabla ya sinema za majumbani kuwa na njia tano tofauti za sauti, mafundi wa Dolby walipata namna ya kuficha njia nne ndani ya mbili. Dolby Surround iliingia majumbani mwaka 1982, Pro Logic ikafuata 1987, na Pro Logic II mwaka 2000. Mpango wenyewe ni mwepisi. Sauti ya katikati, kwa kawaida maneno ya waigizaji, huwekwa sawa kushoto na kulia. Sauti ya nyuma nayo huwekwa pande zote mbili, lakini upande mmoja ukiwa kinyume cha mwingine. Risiva inapopokea, inalinganisha pande hizo: vinavyofanana inavipeleka spika ya kati, vinavyopingana inavipeleka nyuma.

Risiva hii ilikuwa imeachwa kwenye Pro Logic tangu siku za kutazama sinema za kanda. Kwa sababu ya ethi iliyopotea, kila kilichoingia kilikuwa kimepingana kikamilifu, kushoto dhidi ya kulia. Risiva ikafanya kile ilichofundishwa kufanya: ikatuma kila kitu nyuma. Katika Pro Logic ya kwanza njia ya nyuma ni moja tu inayogawiwa spika mbili, na imekatwa juu ya takriban kilohezi 7. Huo ndio ule ukungu waliousikia.

Nilichukua rimoti, nikabadilisha kutoka Pro Logic kwenda stirio ya kawaida. Spika za kushoto na kulia, zilizokuwa zimeshaandikiwa cheti cha kifo, zikatoa muziki papo hapo. Mwembamba, bila mwimbaji, lakini wazi. Nilirudisha Pro Logic kwa makusudi, kwa sababu nilihitaji bado kuitumia kama shahidi.

Ule mvumo wa spika ya kati nao unaeleweka kwa njia hiyo hiyo. Mwili wa binadamu ndani ya nyumba yenye umeme hubeba volti kidogo kutoka kwenye nyaya za ukutani, za hezi 50 au 60 kutegemea nchi. Kicheza kilichofungwa ethi hakijali. Kicheza kinachoelea, ukikigusa chuma chake, kinapanda na kushuka chote pamoja na mwili wako, na nyaya zake za kushoto na kulia zinapanda na kushuka kwa usawa. Kilicho sawa pande zote mbili Pro Logic hukipeleka katikati. Kwa hiyo kidole cha mzee kilikuwa kinathibitisha mambo mawili kwa pamoja: kwamba kicheza hakina ethi, na kwamba spika ya kati ni nzima. Kama ningepewa dalili moja tu kati ya zote, ningechagua hiyo.

USB na PHONO

Waya wa USB una ethi yake ndani. Binti alipouchomeka kwenye risiva, bila kukusudia aliunganisha ethi ya kicheza na ethi ya risiva kwa mlango mwingine. Njia ya kurudi ikapatikana, mwimbaji akarudi mahali pake. Betri haikuhusika hata kidogo. Mlio mwembamba ulikuja kwa sababu waya huo mmoja wa ethi ulikuwa sasa unabeba mambo mawili: sauti inayorudi, na umeme wa kuchaji pamoja na kelele za mawasiliano ya kidijitali. Volti ndogo zinazozalishwa na umeme huo kwenye waya zinajumlishwa kwenye sauti, na sikio linazisikia.

Risiva kutosoma nyimbo kwa USB ni suala jingine, la haraka. Risiva za namna hii zinasoma flashi, yaani kifaa kinachojitambulisha kama hifadhi ya mafaili tu. Kicheza hiki kinajitambulisha kwa utaratibu wa MTP, ambao risiva haiujui.

PHONO nataka niiseme kwa ukali kidogo, kwa sababu hapo walikuwa karibu kuua spika kweli. Tundu hilo limetengenezwa kwa sindano ya santuri, inayotoa milivolti chache tu. Ndani yake kuna kikuzaji cha takriban desibeli 40, yaani volti zinazidishwa mara 100, na kuna marekebisho ya RIAA, kanuni inayofuatwa katika kurekodi santuri, yanayoinua besi za chini kabisa kwa karibu desibeli 20 na kushusha sauti za juu kabisa kwa kiasi kama hicho. Kicheza muziki kinatoa mamia ya milivolti. Kilichowaokoa ni kwamba besi zilikuwa zimefutwa na lile tatizo la ethi. Laiti mtu angechomeka USB wakati pini ziko PHONO na sauti imefunguliwa, besi zote zingerudi kwa mpigo mmoja zikiwa zimekuzwa zaidi ya mara 100. Sauti ndogo kwenye AUX haitibiwi kwa kuhamia PHONO. Ni dalili ya kutafutiwa chanzo.

Uthibitisho kabla ya kununua chochote

Maelezo yanayopendeza si lazima yawe ya kweli, na sikutaka familia hii itumie hata kidogo kwa neno langu tu. Nilitazama pini ndogo ya kebo. Ina mistari mitatu myeusi, yaani imegawanyika sehemu nne: ncha, pete ya kwanza, pete ya pili, na shina. Pini ya kawaida ya stirio ina mistari miwili na sehemu tatu: ncha kushoto, pete kulia, shina ethi.

Kwa multimita, kipimo cha umeme kinachoonyesha waya upi umeungana na upi, nilifuata kila sehemu. Ncha ilikwenda kwenye pini nyeupe, pete ya kwanza kwenye nyekundu, kama inavyotakiwa. Pete ya pili ilikwenda kwenye maganda ya pini zote tatu: hiyo ndiyo ethi ya kebo. Shina lilikwenda kwenye moyo wa pini ya njano, njia ya picha. Mpangilio huu si wa watengenezaji wote. Kebo za kamera nyingi zimepangwa kwa namna nyingine, na ndiyo sababu kebo mbili zinazofanana kwa macho zinaweza kutoa matokeo tofauti kabisa.

Tundu la kicheza kipya lina miguso mitatu tu. Wa ethi uko karibu na mdomo wa tundu, na pini ikiingia yote unagusa shina. Kwa hiyo ethi ya kicheza ilikuwa imeunganishwa na moyo wa pini ya njano, ile iliyoachwa ikining'inia nyuma ya kabati. Pete ya pili, ethi ya kweli ya kebo, haikuguswa na kitu. Kwenye kicheza cha zamani, chenye tundu la miguso minne, kebo hii ilifanya kazi bila kasoro, na hilo lilizidi kuwafanya waiamini.

Nikawaambia mapema nitakachofanya na kitakachotokea. "Nikiichomeka hii ya njano kwenye tundu la video la risiva, mwimbaji atarudi, na rekodi za mzee zitasikika." Binti alinikumbusha kwamba hakuna picha. Nikamwambia hatuihitaji. Ndani ya tundu la video, kati ya moyo na ganda, kuna ukinzani wa omu 75. Huo ni mdogo mno ukilinganisha na ukinzani wa matundu ya sauti, ambao huhesabiwa kwa makumi ya maelfu ya omu. Njia ya omu 75 inatosha kabisa kuwa njia ya kurudi. Nilichagua rekodi ya mzee, nikaanza na sauti ya chini, nikachomeka.

Sauti ya mtu ikaanza kuongea kwenye spika ya kati. Mzee alitaja nani anayeongea kabla sijasogeza mkono.

Baadaye nilipiga faili lenye sauti upande wa kushoto pekee, risiva ikiwa kwenye stirio. Njano ikiwa nje, spika zote mbili zilitoa sauti kwa usawa, jambo lisilowezekana katika muunganiko ulio sawa. Njano ikiwa ndani, kushoto tu. Hapo nilikubali kwamba kisa kimefungwa.

Tiba

Binti aliuliza kwa nini tusiiache njano imechomekwa hapo hapo, na ni swali zuri, maana kwa sikio hakuna tofauti. Kwa hesabu, upande mmoja unavujia wa pili kwa chini ya sehemu 2 kwa 1,000. Nilikataa kwa sababu ya mtu atakayekuja baada yetu. Ataona waya wa picha umeunganishwa na kifaa kisicho na picha, atauchomoa, na rekodi za mzee zitanyamaza tena bila mtu kujua kwa nini. Muunganiko unaotegemea siri haufai ndani ya nyumba ya watu.

Kwa hiyo dawa ilikuwa kebo ya kawaida kabisa: pini ya milimita 3.5 yenye mistari miwili upande mmoja, RCA mbili upande wa pili. Ilichomekwa AUX. Sauti ya kicheza iliwekwa juu, karibu na mwisho lakini si mwisho kabisa, ili AUX ipate ishara yenye nguvu na kelele zibaki chini. Marekebisho ya besi ndani ya kicheza yalizimwa, maana yanafanya sauti ikwaruze mapema. Sauti ya sebule inaongozwa kwa rimoti ya risiva. Kicheza kichajiwe kikiwa kimepumzika, si kikiwa kinapiga, na mlio ule hautasikika. Kebo ya zamani niliifunga karatasi inayosema ni ya kicheza cha zamani tu.

Nilimwomba binti anakili rekodi za baba yake kwenye flashi na mahali pengine pia. Wiki nzima walikuwa wameamini zimepotea, na nakala pekee ilikuwa ndani ya kile kifaa kidogo na kwenye kanda zinazozidi kuchakaa. Tena flashi hiyo risiva itaisoma yenyewe, bila kebo.

Niliporudi kwenye kiti changu mzee akaniambia, kwa sauti ya mtu anayeogopa kuonekana hana shukrani, kwamba sasa spika za kushoto na kulia ndizo zimenyamaza. Maneno yanatoka ya kati peke yake. Alikuwa sahihi tena. Risiva bado ilikuwa kwenye Pro Logic, na rekodi ya maikrofoni moja, iliyo sawa pande zote mbili, Pro Logic huipeleka yote spika ya kati. Nikamwonyesha kitufe cha stirio kwenye rimoti. Akakibonyeza mwenyewe, sauti ikatoka kushoto na kulia, akakibonyeza tena, ikarudi katikati. Alijaribu mara kadhaa, kisha akachagua katikati, akasema mtu mmoja anayeongea anapaswa kutoka mahali pamoja. Kwa rekodi hizo nakubaliana naye, na kwa nyimbo za binti niliwaachia stirio.